Mpira wa Pori katika Nchi ya Shaba: Wavunaji wa Lualaba ya Juu na Suala la "Ardhi Tupu"

1.0 Utangulizi

Msomaji wa historia ya Katanga hukutana na shaba tangu ukurasa wa kwanza. Shaba ndiyo iliyovumisha jina la nchi hii hadi pwani zote mbili za bara; shaba ndiyo iliyowaleta wajiolojia wa Ulaya; na mkoa mzima ulipobadilishwa jina mwaka 1971 uliitwa Shaba, kwa neno la Kiswahili lisilohitaji tafsiri, ukabaki na jina hilo hadi 1997. Mji wa Kolwezi, uliojengwa kuanzia mwaka 1937 na ambao tangu 2015 ni makao makuu ya Jimbo la Lualaba, hauonekani kuwa na historia nyingine ila ya migodi. Kwa hiyo ni rahisi kusahau kwamba kwa takribani miaka 40, tangu miaka ya 1870 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1910, bidhaa zilizoiunganisha nchi hii na viwanda vya Ulaya hazikuchimbwa mgodini. Tukiacha biashara ya watumwa, ambayo ilipita katika njia hizo hizo na mara nyingi katika misafara hiyo hiyo, bidhaa zenyewe zilitoka porini: pembe za ndovu, nta na mpira.

Shaba ya wenyeji, iliyosubiwa kwa umbo la msalaba, ilisafiri mbali sana ndani ya Afrika. Ilitumika kama fedha, kama mahari na kama malighafi ya wahunzi. Hata hivyo, si shaba iliyozifanya meli zitie nanga Benguela. Mpira ulizifanya.

Makala haya yanawahusu waliouvuna mpira huo katika Lualaba ya Juu na nchi zinazopakana nayo upande wa magharibi. Hoja yake ni kwamba mzozo juu ya nani mwenye haki ya kuvuna kitu ambacho hakukipanda haukuanzia mgodini, bali ulianzia kwenye mmea wa mpira. Jibu lililotolewa na Dola wakati huo, kwamba ardhi isiyolimwa wala kukaliwa ni ardhi tupu, na kwamba ardhi tupu ni mali ya Dola, ndilo lililohamishiwa baadaye kwenye mawe ya shaba na, katika siku zetu, kwenye kobalti. Wanahistoria wa kazi na wafanyakazi wa Katanga, kama vile Bruce Fetter, Charles Perrings na John Higginson, wametufundisha mengi juu ya namna mwanakijiji alivyogeuzwa kuwa mfanyakazi wa mgodi. Swali linalobaki nyuma ya kazi zao ni lile la riziki aliyoiacha porini alipokwenda huko.

2.0 Neno na mmea

Kwa Mswahili wa leo, neno mpira huleta kwanza picha ya uwanja na wachezaji. Katika kamusi za mwanzoni mwa karne ya 20 mpangilio wa maana ulikuwa mwingine: mmea kwanza, utomvu wake pili, na kile kitu cha mviringo cha kuchezea mwisho. Jambo la kuvutia ni kwamba Kilingala kilipita njia hiyo hiyo kwa neno lake chenyewe, kwani ndembo ni mpira wa kugemwa na pia mpira wa kuchezwa. Lugha mbili kubwa za Kongo zimehifadhi, bila ya wasemaji wengi kutambua, kumbukumbu ya wakati ambapo kitu hicho kilijulikana kama zao la pori.

Mimea inayohusika ni ya jenasi ya Landolphia na jamaa zake wa karibu. Katika pwani ya Afrika Mashariki iliyovuma zaidi ni Landolphia kirkii, mtambaa uliopewa jina la John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekaa Zanzibar. Mpira wake ulikusanywa katika nchi za nyuma ya Kilwa na Lindi, ukapelekwa Zanzibar na kwingineko. Mgema aliukata mtambaa kwa kisu, akayaacha maziwa yatoke, kisha akayagandisha kwa chumvi au maji ya matunda machungu, akiviringisha uzi juu ya uzi hadi likapatikana donge. Kitenzi gema, ambacho wengi hukijua kwa tembo la mnazi, kilitosha kwa kazi hii pia.

Katika miombo ya Lualaba ya Juu, na zaidi katika nyanda za mchanga za mashariki ya Angola, hali ilikuwa tofauti. Huko mitambaa mikubwa ni michache, na baadhi ya mimea ya mpira ni vichaka vifupi visivyofika magotini, ambavyo moto wa kiangazi huviteketeza kila mwaka vikachipua tena. Maziwa yake mengi yamo ardhini, katika mizizi na mashina yatambaayo chini ya mchanga. Hakuna kugema hapo. Mizizi ilifukuliwa kwa jembe, ikakatwakatwa, ikaanikwa juani, kisha ikapondwa kwa vigongo vya mti hadi gome likaachana na nyuzi za mpira. Nyuzi hizo zilichemshwa na kupondwa tena ili kuondoa takataka, na mwishowe zikafanywa vijiti au vipande vidogo vilivyofungwa pamoja kwa ajili ya mzigo wa mpagazi. Mpira huo ulikuwa mwekundu na haukuwa safi kama ule wa mtambaa, lakini viwanda vya Ulaya na Marekani, vilivyokuwa vikitengeneza magurudumu ya baiskeli na baadaye ya magari, viliununua.

Tofauti ya mbinu ilileta tofauti ya jamii. Kugema mtambaa ni kazi ya mtu mmoja anayezunguka msituni. Kufukua, kuanika, kuponda na kuchemsha mizizi ni kazi ya kaya nzima, na sehemu yake kubwa zaidi, yaani kuponda, iliwaangukia wanawake. Aidha, mzizi ukishafukuliwa, mahali pale huhitaji miaka kadhaa ya mapumziko ingawa vipande vilivyobaki huchipua. Kijiji kilichotegemea mpira wa mizizi kilikuwa kijiji chenye kuhama.

Ni muhimu kusisitiza kwamba mpira haukuwa zao pekee la pori hilo, wala la kwanza. Miombo ya Katanga huwapa watu wake uyoga katika masika, viwavi wa kuliwa, matunda ya mikusu na ya mibura, asali na nta, kuni, dawa na nyama. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichovunwa bila kanuni. Mzinga uliotundikwa mtini ulikuwa na mwenyewe. Mwindaji aliyemwangusha ndovu alijua kwamba ule upembe ulioligusa vumbi kwanza ni wa mwenye nchi, hata kama mwindaji ni mgeni na bunduki ni yake. Hata machimbo ya shaba yalifuata taratibu za namna hiyo. Baada ya mavuno ya mtama, kiangazi kilipoingia, mkuu wa nchi ndiye aliyetoa ruhusa ya kwenda kilimani. Wanaume, wanawake na watoto wakatoka pamoja kuchimba na kuokota mawe ya kijani, yakachambuliwa, kisha wasubi wakayayeyusha katika tanuri za udongo wa kichuguu. Mvua ilipokaribia watu walirudi mashambani. Kwa Wasanga wa nchi ya Kolwezi na Likasi, shaba yenyewe ilikuwa ni mavuno ya msimu. Jina la "walaji wa shaba", ambalo Askofu Jean-Félix de Hemptinne alilipa umaarufu katika makala yake ya mwaka 1926, linaeleweka vizuri zaidi likiwekwa kando ya asali na uyoga kuliko likiwekwa kando ya kiwanda.

3.0 Njia ya magharibi

Watu walioubeba mpira wa mizizi hadi ukawa biashara kubwa ni Wachokwe. Nchi yao ya asili ilikuwa katika chemchemi za mito Kasai na Kwango, nchi ya misitu na nyuki. Ureno ilipouondoa ukiritimba wa kifalme wa pembe katika miaka ya 1830, bei ya pembe huko Angola ilipanda, na nta nayo ikapata wanunuzi wengi. Wachokwe, waliokuwa wawindaji na warina asali hodari, walijipatia bunduki kwa bidhaa hizo mbili. Pembe zilipoanza kuadimika, mpira ukachukua nafasi tangu miaka ya 1870. Joseph C. Miller, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1970, alieleza jinsi uvunaji huo ulivyozisukuma kaya za Kichokwe kaskazini na mashariki, kila kizazi kikifuata pori jipya, huku wanawake waliopatikana kwa ndoa, kwa rehani na kwa vita wakiongeza mikono ya kazi. Katika miaka ya 1880 vikosi vya Wachokwe viliuteka Musumba, mji mkuu wa dola ya Walunda, na Walunda hawakuwafukuza hadi mwishoni mwa miaka ya 1890. Hivyo basi dola iliyodumu kwa karne kadhaa ilitikiswa na watu waliokuwa wakifuata nta na mizizi.

Wachuuzi waliozipokea bidhaa hizi walikuwa hasa Waovimbundu wa Bihé na Bailundo, waliojulikana katika nchi za Zambezi kwa jina la Mambari. Misafara yao ilikata nyanda za juu za Angola hadi Benguela. Upande wa pili walikuwapo wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu kutoka Unyanyembe na Ujiji. Pande hizo mbili zilikutana katika nchi ya Lualaba, na mkutano wao umeandikwa. Verney Lovett Cameron, aliyelivuka bara kutoka mashariki kwenda magharibi, alipofika mwaka 1874 katika makao ya Kasongo Kalombo, mfalme wa Waluba, aliwakuta huko Juma bin Salim, aliyejulikana kama Juma Merikani, na mchuuzi mmoja wa Bihé aliyeitwa Alvez. Cameron alipokelewa vema na Juma. Msafara wa kumfikisha magharibi ulikuwa wa Alvez, na aliyoyaona humo, hasa minyororo ya wanawake waliotekwa, ni sehemu ya uchungu zaidi ya kitabu chake. Alifika pwani ya Atlantiki Novemba 1875.

Msiri alijijenga juu ya makutano hayo hayo. Alikuwa Msumbwa, mwana wa Kalasa aliyekuwa akiifuata shaba ya Katanga kutoka nchi ya Unyamwezi, na mji wake wa Bunkeya uliuza bidhaa kwa bahari zote mbili. Katika miaka yake ya mwisho baruti na bunduki zilimfikia zaidi kutoka Benguela. Mmoja wa wake zake mashuhuri, Maria de Fonseca, alitoka upande huo. Mmisionari Frederick Stanley Arnot, aliyefika Bunkeya mwaka 1886, naye alipita Bihé. Kiswahili kilisikika Bunkeya, lakini njia kuu ya mali ilielekea kwingine.

Jambo hili lina uzito wake kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alionyesha kwamba Kiswahili cha ukanda wa shaba hakiwezi kuelezwa kuwa ni mtoto wa moja kwa moja wa misafara ya Msiri. Kilikua hasa katika kambi za wafanyakazi na kwa msukumo wa sera za utawala, makampuni na misheni. Maandishi mashuhuri ya Kiswahili cha huko, historia ya mji wa Elisabethville iliyokusanywa na André Yav mwaka 1965 na kuchapishwa na Fabian mwaka 1990, ni sauti ya watumishi wa nyumbani, na dunia yake ni ya mji na ya kazi ya kizungu. Biashara ya mpira wa mizizi ilifanywa kwa Kichokwe, Kiumbundu na maneno ya Kireno. Kwa sababu hiyo wavunaji hao wameachwa nje ya kumbukumbu ya Kiswahili ya Katanga, na si ajabu kwamba historia iliyoandikwa kwa lugha hii huanza na treni.

4.0 "Ardhi tupu"

Tarehe 1 Julai 1885 Dola Huru ya Kongo ilitoa amri kwamba ardhi isiyo na mtu ihesabiwe kuwa mali ya Dola. Amri hiyo ilisema pia kwamba wenyeji wasinyang'anywe ardhi wanayoikalia. Ikisomwa haraka, huonekana kuwa ya haki. Kila kitu kilitegemea maana ya kukalia. Watendaji wa Mfalme Leopold II waliitafsiri kuwa ni nyumba na shamba lililolimwa, basi. Pori ambalo kijiji kilirina asali yake, kikachuma uyoga wake, kikawinda na kufukua mizizi yake lilihesabiwa kuwa tupu. Septemba 1891 likafuata agizo la siri lililowataka maafisa wa Dola waihodhi pembe na mpira katika maeneo makubwa ya nchi, na mwaka 1892 mgawanyo wa kanda ukawekwa wazi. Kuanzia hapo mwanakijiji aliyemuuzia mchuuzi mpira wa pori lake alihesabiwa kuwa ameuza mali ya wizi, na aliyeununua kuwa mpokeaji wa mali hiyo.

Matokeo ya utaratibu huo katika misitu ya Ikweta yanajulikana duniani. Mpira uliosafirishwa kutoka Kongo ulipanda kutoka takribani tani 100 mwaka 1890 hadi takribani tani 6,000 mwaka 1901, na gharama yake kwa binadamu iliandikwa na Roger Casement katika taarifa iliyotolewa mwaka 1904. Haifai hata hivyo kuihamisha picha ya Ikweta kama ilivyo na kuibandika juu ya Lualaba ya Juu. Miombo haikuwa na mpira mwingi kiasi kile, vituo vya Dola vilikuwa vichache na dhaifu, na mpaka wa Angola ulikuwa karibu. Mtu aliyebanwa aliweza kuvuka au kuuza kwa Mambari usiku. Kwa miaka mingi baada ya Msiri kuuawa tarehe 20 Desemba 1891 utawala wa Dola katika nchi hiyo ulikuwa wa jina zaidi kuliko wa vitendo. Askari walioasi Luluabourg mwaka 1895 walijikita katika nchi ya Waluba na kufanya biashara na watu wa magharibi kwa miaka kadhaa bila ya kung'olewa.

Kilichoifikia Lualaba ya Juu kwa ukamilifu ni ile fikra yenyewe ya ardhi tupu, hata kabla ya ukatili wa mpira. Mwaka 1891 Kampuni ya Katanga ilikuwa imeahidiwa theluthi moja ya ardhi tupu ya nchi hiyo, pamoja na haki zake za madini, kwa malipo ya kuiteka kwa niaba ya Dola. Ugawaji ulipofanywa, ramani ilikatwa kama ubao wa dama: viwanja viwili vya Dola, kimoja cha Kampuni, na kuendelea hivyo kutoka mstari hadi mstari. Hakuna kijiji kilichoulizwa, kwani ramani haikuonyesha vijiji. Ubao huo ulishindikana kutawaliwa, na tarehe 19 Juni 1900 pande hizo mbili zikaunganisha mali zao chini ya Kamati Maalumu ya Katanga, Dola ikiwa na theluthi mbili na Kampuni theluthi moja. Kamati ilipewa utawala, polisi na ardhi. Desemba mwaka huo huo ilitia saini mkataba na Tanganyika Concessions ya Robert Williams wa kutafuta madini, na msafara ulioongozwa na George Grey ukaenda.

Hapa kuna kinaya ambacho wanahistoria wa migodi hukitaja kwa haraka mno. Wapelelezi wa Grey, kama alivyokuwa Jules Cornet kabla yao mwaka 1892, hawakuigundua shaba kwa kupasua miamba isiyojulikana. Walioneshwa mashimo ya zamani. Vilima vya shaba hujitambulisha katika miombo kwa kuwa havina miti. Udongo wake wenye madini huota majani mafupi na maua fulani tu. Juu ya vilima hivyo vilivyo wazi kulikuwa na mashimo, marundo ya mawe yaliyochambuliwa na vipande vya tanuri. Wenyeji waliwaongoza wageni hadi hapo. Ushahidi wa uvunaji wa watu kwa vizazi vingi ukatumika kama ramani ya madini, na sheria ile ile ikatamka kwamba mahali hapo hapana mwenyewe.

Tume ya Uchunguzi ya Janssens, Nisco na de Schumacher, iliyotumwa Kongo mwaka 1904 baada ya taarifa ya Casement, ililiona tatizo hili. Katika taarifa yake ya mwaka 1905 iliikosoa tafsiri finyu ya ardhi inayokaliwa. Amri ya tarehe 3 Juni 1906 ikakubali hatimaye kwamba ardhi ya wenyeji ni ile wanayoikalia, kuilima au kuitumia kwa namna yoyote kwa mujibu wa desturi zao. Maneno hayo, yakitekelezwa kwa uaminifu, yangetosha kulirudisha pori la Lualaba karibu lote kwa wavunaji wake. Hayakutekelezwa hivyo. Mipaka ilipaswa kuchorwa na maafisa, na maafisa walikuwa na kazi nyingine: karibu miezi mitano baadaye, tarehe 28 Oktoba 1906, Union Minière du Haut-Katanga iliundwa.

5.0 Kodi na bei

Ubelgiji ilipoichukua Kongo mwezi Novemba 1908 iliahidi biashara huru, na ahadi hiyo ikatimizwa kwa awamu kati ya 1910 na 1912. Kwa mara ya kwanza tangu 1891 mwanakijiji aliruhusiwa kisheria kuuza zao la pori kwa mnunuzi anayemtaka. Wakati huo huo, kwa amri ya tarehe 2 Mei 1910, aliwekewa kodi ya kichwa ya kulipwa kwa fedha taslimu. Kwa muda mfupi mambo hayo mawili yalielekea kulingana, kwani mwaka 1910 bei ya mpira katika soko la London ilifika kilele. Mzigo wa mpira uliweza kulipa kodi.

Kisha bei ikaanguka. Mashamba ya mpira ya Malaya, Ceylon na visiwa vya Wadachi, yaliyopandwa kwa mbegu zenye asili ya Brazil, yalianza kutoa mavuno makubwa, na ilipofika 1913 biashara ya mpira wa mizizi huko Angola ilikuwa imekufa. Vijiji vya Bihé vilivyokuwa vimetajirika viliporomoka. Katika Lualaba ya Juu mnunuzi wa nta na mpira alikoma kuja. Kodi haikukoma.

Bursa ya Kazi ya Katanga ilikuwa imeanzishwa mwaka 1910 kuwatafutia wafanyakazi migodi na reli, na shaba ya kwanza ilikuwa imeyeyushwa Lubumbashi katikati ya mwaka 1911. Itakuwa ni kurahisisha mno kudai kwamba kuanguka kwa mpira ndiko kulikowapeleka watu mgodini. Waandikishaji walitumia machifu, polisi na ulaghai. Ugonjwa wa malale ulifunga njia na kuhamisha vijiji. Na kwa muda mrefu Union Minière ilitegemea wafanyakazi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Lomami na, tangu miaka ya 1920, Ruanda-Urundi, kwa kuwa watu wa karibu waliikwepa kadiri walivyoweza. Wasanga na majirani wao walipendelea kuiuzia migodi chakula kuliko kuiuzia miili yao, na katika kambi za mwanzo, ambamo vifo vilikuwa vingi, uamuzi huo ulikuwa wa busara. Bado ni kweli kwamba uwezo wa kuikwepa mgodi ulitegemea kuwa na kitu kingine cha kuuza. Mpira ulipoondoka, mlango mmoja ulifungwa, na waliokaa mbali na reli hawakuwa na soko la mihogo.

Reli ya Benguela nayo ina habari yake. Robert Williams alipata kibali cha kuijenga mwaka 1902, ikafuata kwa sehemu kubwa njia za wapagazi wa Kiovimbundu. Ilipofika mpaka wa Kongo mwaka 1929, na kuunganishwa na reli ya Katanga mwaka 1931, mzigo wa kale wa njia hiyo haukuwapo tena. Ilibeba shaba.

6.0 Baada ya mpira

Zao hili lilirudi mara moja zaidi. Singapore ilipoanguka mikononi mwa Wajapani Februari 1942, nchi za Muungano zilipoteza karibu mpira wote wa Asia, na utawala wa Kongo ya Kibelgiji ukawarudisha wanakijiji msituni. Siku za kazi za lazima ziliongezwa mwaka 1942 kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Wazee walioukumbuka mpira wa zamani wa Leopold waliona watoto wao wakitumwa kufanya kazi ile ile. Katika ukanda wa shaba miaka hiyo hukumbukwa zaidi kwa mgomo wa Union Minière na mauaji ya wagomaji Elisabethville mwezi Desemba 1941, na hilo ni haki. Lakini vijijini juhudi za vita zilikuwa na sura ya jembe na kikapu. Gavana Mkuu Pierre Ryckmans alipoondoka madarakani mwaka 1946 alikiri hadharani kwamba watu wa mashamba walikuwa wamechoshwa.

Sheria ya ardhi haikubadilika kwa uhuru kama ilivyotarajiwa. Sheria ya Bakajika ya mwaka 1966 iliirudisha kwa Dola ardhi iliyokuwa imegawiwa makampuni ya kikoloni. Kamati Maalumu na warithi wake hawakuwa na la kusema tena. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikaitangaza ardhi yote kuwa mali ya Dola. Kifungu chake cha 389 kiliahidi kwamba haki za jamii juu ya ardhi wanazozikalia, kuzilima au kuzitumia kwa desturi zitapangwa kwa amri ya Rais. Maneno hayo yanafanana mno na yale ya 1906. Kwa zaidi ya miaka 40 baadaye amri hiyo haikuwa imetolewa.

Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière mwaka 1967 chini ya jina jingine, iliyumba katika miaka ya 1990 baada ya kuporomoka kwa mgodi wa Kamoto mwezi Septemba 1990, na watu wa Kolwezi wakarudi vilimani kwa majembe na mitarimbo. Sheria ya Madini ya mwaka 2002 iliwatambua wachimbaji hao, lakini iliwafungia katika maeneo maalumu ya kutengwa na Serikali, maeneo ambayo yalikuwa machache na mara nyingi yasiyo na madini ya kutosha. Vilima vyenye mali vilikuwa vimekwisha kugawiwa. Katika mtaa wa Kasulo mjini Kolwezi, katika muongo wa 2010, wakazi waligundua kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, wakachimba mashimo ndani ya vyumba na nyuma ya mapazia. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta, kaya zikahamishwa kwa fidia, na haki ya kununua mawe hayo ikawa ya kampuni moja.

Mwaka 2019 Serikali iliunda Entreprise Générale du Cobalt na kuipa haki pekee ya kununua kobalti yote inayotoka kwa wachimbaji wa mikono. Sababu zilizotolewa zilikuwa za maana: kuwaondoa walanguzi, kuwapa wachimbaji bei nzuri, kuhakikisha watoto hawafanyi kazi hiyo. Shirika lilizinduliwa mwaka 2021, likakaa muda mrefu bila kununua, na madini yakaendelea kupita katika maghala ya wanunuzi binafsi ya Musompo, nje ya mji. Kwa mujibu wa amri hiyo mchimbaji aliyewauzia wanunuzi hao aliuza asichoruhusiwa kumuuzia mwingine. Masika yanapoingia, wanawake wa vijiji vya miombo huleta uyoga barabarani na kuuza kwa wenye magari, bei ikipatanwa papo hapo, na kwa zao hilo bado hakuna aliyedai ukiritimba.